Baba ameambiwa aache mafuta kabisa: je, mwili unaweza kwenda bila mafuta, na tui la nazi tulifanyeje?

BintiKibokoni anauliza:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa lishe, kwa sababu jambo hili limetugawanya nyumbani, na kila mmoja wetu anaamini kwamba yeye ndiye anayemtakia Baba heri.

Baba ana umri wa miaka 61. Alifanya kazi ya kupakua mizigo bandarini hapa Mombasa karibu maisha yake yote, na tangu astaafu amekuwa mtu wa kukaa barazani. Mwezi uliopita alipimwa damu katika zahanati moja, na karatasi ikarudi ikionyesha kolesteroli ya jumla 6.4, LDL 4.3, HDL 1.1 na trigliseridi 2.2, zote kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Aliyempa majibu hakukaa naye hata dakika tano. Alimwambia aache mafuta yote, akamwandikia tarehe ya kurudi. Baba ni mtu wa kushika neno. Tangu siku hiyo asubuhi hunywa chai ya sukari kwa vipande vinne vya mkate mweupe, mchana hula wali mkavu na mchicha uliochemshwa kwa chumvi tu, na usiku hurudia mkate. Hata samaki amekataa, akisema kwamba naye ana mafuta. Amepungua kilo mbili, na wapo nyumbani wanaoona hiyo ni dalili njema, lakini njaa humrudia saa chache baada ya kula na uchangamfu wake umepotea.

Mama anaumia, kwani amempikia wali wa nazi na samaki wa kupaka tangu walipooana, na sasa ni kama anaambiwa kwamba mapishi yake ndiyo yaliyomtia mumewe ugonjwa. Ami yangu naye ameleta chupa ya mafuta ya nazi na kusisitiza kwamba Baba anywe kijiko kimoja kila asubuhi ili mishipa isafishike. Mimi niko katikati. Ningependa kuelewa mafuta yanafanya kazi gani mwilini, ni mafuta yapi yanayodhuru na kwa njia gani, na kama tui lina nafasi katika chungu chetu au tuliage.


Mtaalamu wa Lishe (Tudor) anajibu:

Waaleikum salaam, mwanangu. Nimefanya kazi ya ushauri wa lishe kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na agizo la kuacha mafuta yote ni miongoni mwa maagizo yaliyonisumbua zaidi, kwa sababu mgonjwa huondoa kitu mezani bila kuelezwa ni kipi kiwekwe mahali pake. Kwa Baba mahali hapo pamejazwa mkate mweupe, wali na sukari. Nitalirudia jambo hili baadaye, kwani kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote uliyoyaeleza.

Mwili hauwezi kwenda bila mafuta. Utando unaoizunguka kila seli umejengwa kwa mafuta. Ubongo nao ukiondolewa maji, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta. Homoni za uzazi, vitamini D ambayo ngozi huitengeneza juani na sehemu muhimu ya nyongo, vyote huanzia kwenye kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, na kolesteroli nyingi tuliyo nayo hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa na ini. Aidha ziko asidi mbili za mafuta ambazo mwili hauwezi kuziunda hata ukilishwa vizuri namna gani: ya kwanza ni ya linoleiki, iliyo katika jamii ya omega-6, na ya pili ni ya alfa-linoleniki, iliyo katika jamii ya omega-3. Zote mbili lazima ziletwe na chakula. Jambo hili lilianza kujulikana mwaka 1929 nchini Marekani, pale George Burr na mkewe Mildred walipowalisha panya chakula kisichokuwa na mafuta hata kidogo, panya wakadumaa na ngozi zao zikatoka magamba, kisha wakapata nafuu waliporudishiwa mafuta ya aina inayofaa. Simaanishi kwamba wiki chache za wali mkavu zimemfikisha Baba huko. Nataka tu ifahamike kwamba mafuta ni chakula kama vyakula vingine, na kuyaondoa yote si tiba.

Fuata safari ya mafuta tangu yanapomezwa, utaona mwenyewe kwa nini mchicha ule wa kuchemshwa haumfai. Mafuta na maji havichangamani, na kila aliyeacha tui likapoa usiku kucha amekuta tabaka gumu limeganda juu. Tumbo lina maji, kwa hivyo ini hutengeneza nyongo, nayo humiminwa utumboni ikayavunja mafuta kuwa matone madogo sana, mfano wa sabuni inavyofanya kwenye sufuria yenye mafuta ya nyama. Kongosho huleta vimeng'enya vya kuyakatakata matone hayo, ukuta wa utumbo mwembamba huyafyonza, na baada ya kuunganishwa upya hupita kwenye mishipa ya limfu hadi karibu na moyo, ndipo yanapoingia damuni. Vitamini A, D, E na K husafiri ndani ya chombo hichohicho. Mchicha una rangi inayogeuzwa na mwili kuwa vitamini A, lakini ukiliwa bila tone la mafuta, sehemu kubwa ya rangi ile hupita na kutoka bila kufyonzwa. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta katika sufuria ya mchicha kingetosha kuubadilisha mlo huo.

Sasa LDL. Kwa kuwa Baba ni mtu wa bandari, mwambie aifikirie kama jahazi linalosafirisha kolesteroli damuni kuipeleka kwenye viungo, na kwamba ini lina magati ambapo majahazi hayo hurudi na kupakuliwa. Magati hayo yaligunduliwa na Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mtu akila kwa wingi mafuta yaliyoshiba, magati ya ini hupungua, majahazi yanakosa pa kutia nanga na kubaki yakizunguka, na baadhi yake hupenya kuta za ateri na kukwama humo. Yakikwama miaka na miaka, ukuta huvimba, njia ya damu huwa nyembamba, na siku uvimbe ukipasuka damu huganda juu yake. Hapo ndipo hutokea mshtuko wa moyo, au kiharusi ikiwa ni mshipa wa ubongo. HDL hufanya kazi ya kurudisha kolesteroli kwenye ini.

Neno "yaliyoshiba" lina maana yake. Asidi ya mafuta ni mnyororo wa kaboni, na kila kaboni ina nafasi za kushikwa na haidrojeni. Nafasi zote zikijaa, mnyororo hunyooka, minyororo hupangana vizuri, na mafuta huganda kwa urahisi. Ndiyo maana samli na siagi huganda, na mafuta ya nazi huganda nyakati za kipupwe hapa kwetu. Nafasi zikibaki wazi, mnyororo hujikunja na mafuta hubaki majimaji, kama yalivyo ya alizeti, simsim, soya na zeituni. Katika kila gramu 100 za mafuta ya nazi, zaidi ya gramu 80 zimeshiba. Mafuta ya mawese yameshiba karibu nusu, samli zaidi kidogo ya hapo, na mafuta ya alizeti ni kama sehemu moja tu katika kumi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri kwamba mafuta yote kwa jumla yasizidi asilimia 30 ya nishati anayokula mtu mzima kwa siku, na yaliyoshiba yasizidi asilimia 10. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4. Kwa anayekula kilokalori 2,000 kwa siku, asilimia 10 hiyo ni gramu 22 hivi za mafuta yaliyoshiba. Pima kwa nambari hiyo kijiko cha Ami yako: kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya nazi kina gramu 11 au 12 za mafuta yaliyoshiba, yaani nusu ya kiwango cha siku nzima kabla Baba hajagusa kifungua kinywa. Kwa mtu mwenye LDL 4.3 siwezi kukiunga mkono, ingawa najua kwamba kimeletwa kwa mapenzi.

Narudi kwenye karatasi. Trigliseridi, yaani mafuta yanayosafiri damuni, hutakiwa kuwa chini ya 1.7, na za Baba ni 2.2. Hizi hupandishwa zaidi na sukari, unga mweupe na kutotembea kuliko kijiko cha mafuta ya simsim, kwa sababu ini likipata sukari kupita mahitaji huigeuza kuwa mafuta na kuyatoa damuni. Kwa hivyo mlo wa mkate na chai ya sukari, ambao Baba anaushika kwa uaminifu mkubwa, unaweza kuipandisha nambari hiyo huku yeye akidhani anajitibu. Mafuta yaliyoshiba yakiondolewa na kuwekwa mkate mweupe, moyo haupati faida. Yakiwekwa mafuta ya mimea yaliyo majimaji, karanga, korosho, parachichi na samaki, hapo ndipo faida huonekana. Samaki huyo anayemkataa ndiye rafiki yake. Vibua, jodari na wale samaki wadogo waitwao simu wana omega-3 ya baharini, ambayo husaidia kushusha trigliseridi, na milo miwili kwa wiki ni ushauri wa kawaida. Wala usisahau maharagwe, kunde, pojo, bamia na shayiri, kwani utelezi wake hushika nyongo utumboni na kutoka nayo, hivyo ini hulazimika kuvuta kolesteroli damuni ili kutengeneza nyongo mpya.

Mwisho, mrudisheni kwa daktari mwenye nafasi ya kumsikiliza. LDL 4.3 kwa mtu wa miaka 61 husomwa pamoja na presha, sukari ya damu, uvutaji wa sigara na historia ya ukoo, na huenda akahitaji dawa hata mkirekebisha chakula. Chakula na dawa havigombani.


Mama Mpishi (Majengo) anajibu:

Binti yangu, mpe Mama salamu zangu na umwambie asijilaumu. Mimi nauza mahamri, mbaazi za nazi na viazi karai tangu watoto wangu wakiwa wadogo, na mume wangu alipatwa na tatizo kama la Baba yako miaka sita iliyopita, kwa hivyo nitakueleza mambo ya jikoni, ambayo Mtaalamu ameyagusa kwa juu.

Tui si kitu kimoja. Nazi ikishakunwa kwa mbuzi, maji ya kwanza yakikamuliwa kwenye kifumbu hutoa tui zito lenye mafuta mengi, na chicha ileile ikitiwa maji tena na kukamuliwa mara ya pili na ya tatu hutoa tui jepesi lenye ladha ya nazi lakini mafuta machache. Wengi wetu tulifunzwa kuchemsha kwa tui jepesi na kumalizia kwa tui zito, na hiyo ni desturi nzuri, ila siku hizi watu wananunua pakiti na makopo ya tui zito na kumimina yote. Mimi kwa mbaazi za nyumbani hutumia tui jepesi tangu mwanzo, na tui zito huwa kijiko kimoja au viwili juu wakati wa kuepua, ili harufu ibaki. Mume wangu hakulalamika. Wateja nao, kusema kweli, sikuwabadilishia, kwa sababu mbaazi nyepesi haziuziki, na jambo hili hunikera kila asubuhi.

Hatari kubwa zaidi, nionavyo mimi, iko kwenye karai. Vitafunio vyetu vya jioni, kuanzia bhajia na viazi karai hadi kachri na kaimati, hukaangwa katika mafuta yanayopashwa moto asubuhi na jioni, siku nyingi mfululizo, na yakipungua huongezwa mapya juu ya yale ya zamani. Nimefanya hivyo mwenyewe kwa miaka kadhaa kwa kuwa mafuta ni ghali na sikujua kwamba kuna ubaya. Mafuta yaliyochoka hujitambulisha: huwa meusi, huwa mazito kama asali, hutoa povu linaloganda pembeni mwa karai, hutoa moshi kabla hayajapata moto wa kutosha, na hukwaruza koo la anayekula. Ukiona hata dalili moja kati ya hizo, mafuta hayo yamwagwe. Tena mahamri yakitiwa kwenye mafuta ambayo hayajapata moto vizuri huyanywa mafuta badala ya kuumuka haraka, na hamri lililokunywa mafuta utalijua kwa kulibana na karatasi. Kwa hivyo moto uwe wa kutosha lakini mafuta yasifike kutoa moshi, yachujwe baada ya kukaanga, na yasirudiwe zaidi ya mara mbili tatu.

Kwa Baba, vibua wachomwe juu ya makaa kwa ndimu, kitunguu saumu na pilipili, au wapikwe mchuzi wa ukwaju. Marikiti na Kongowea vibua ni rahisi kuliko nguru, na kwa jambo hili samaki wa bei nafuu ndiye bora.


Mzee wa Likoni anajibu:

Nimesoma kwa makini na kwa heshima, lakini naomba nitofautiane. Babu yangu alikula nazi asubuhi, mchana na usiku. Alikula wali wa nazi, samaki wa nazi, mihogo ya nazi, hata uji wake ulitiwa tui, na aliishi miaka mingi bila kujua daktari wa moyo ni nani, akaendelea kupanda mnazi akiwa na mvi kichwa kizima. Maradhi haya ya moyo na sukari tumeyaona yakienea wakati ambapo watu wameanza kuacha nazi na kununua mafuta ya viwandani, ambayo hatujui yametoka wapi wala yamefanywa nini. Isitoshe, nimesoma kwamba mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki yenye mnyororo mfupi, na kwamba huenda moja kwa moja kwenye ini na kuchomwa kama kuni bila kukaa mwilini. Ami wa Binti huyu hajakosea sana. Naogopa tunaufanya mti uliotulea kuwa mshtakiwa, huku waliouleta mkate mweupe wakikaa kando.


Mtaalamu wa Lishe (Tudor) anajibu:

Mzee wangu, hoja yako ni nzito na inastahili jibu kamili, hasa kwa sababu nusu yake naikubali.

Wapo watu waliochunguzwa kuhusu jambo hilihili. Katika visiwa vya Tokelau na Pukapuka, bahari ya Pasifiki, watafiti wa New Zealand wakiongozwa na Ian Prior walieleza mwaka 1981 kwamba nazi ilikuwa ikiwapa watu wa Tokelau asilimia 63 ya nishati yao, na wa Pukapuka asilimia 34. Maradhi ya mishipa yalikuwa machache katika visiwa vyote viwili, sawa na kumbukumbu zako za babu. Hata hivyo, kolesteroli ya watu wa Tokelau, waliokula nazi nyingi zaidi, ilikuwa juu kuliko ya Pukapuka. Kwa hivyo nazi ilipandisha kolesteroli hata kule, lakini ilifanya hivyo ndani ya maisha ya samaki wengi, sukari kidogo, na kazi ya mwili kutoka alfajiri. Watu wa Tokelau waliohamia New Zealand walipunguza nazi, lakini wakaongeza sukari, unga na nyama, wakanenepa, na presha na kisukari vikaongezeka kati yao. Naona hapo habari za babu yako na za wajukuu wake kwa pamoja. Babu alipanda mnazi akaiangua mwenyewe nazi aliyoila. Baba wa Binti huyu anaila akiwa ameketi barazani, juu ya chai ya sukari.

Kuhusu lauriki, jina limekuwa likitumiwa vibaya na wauzaji. Mafuta ambayo kweli huelekea moja kwa moja kwenye ini ni yale yenye minyororo ya kaboni 8 na 10. Lauriki ina kaboni 12, na sehemu yake kubwa hupita njia ya limfu kama asidi ndefu. Mwaka 2020 majaribio yaliyolinganisha mafuta ya nazi na mafuta mengine ya mimea, kama ya alizeti na zeituni, yalikusanywa na kuchambuliwa kwa pamoja, na matokeo yalionyesha kwamba mafuta ya nazi hupandisha LDL kwa takriban milimoli 0.27 kwa lita. Ni kweli kwamba hupandisha HDL pia kwa kiasi kidogo, na wauzaji huishikilia sehemu hiyo tu, lakini dawa zilizobuniwa kupandisha HDL hazikupunguza mishtuko ya moyo kama ilivyotarajiwa, ilhali kushusha LDL hupunguza.

Juu ya mafuta ya viwandani, shaka yako ina mizizi ya kweli. Mkemia Mjerumani, Wilhelm Normann, alipata hataza mwaka 1902 ya kuyagandisha mafuta ya majimaji kwa haidrojeni, na kazi hiyo ikifanywa nusunusu huzaa mafuta ya transi, ambayo ni mabaya kuliko hata yaliyoshiba, kwani hupandisha LDL na kushusha HDL kwa wakati mmoja. Kwa miongo kadhaa dunia nzima iliambiwa kwamba majarini ngumu ni salama kuliko siagi, na huo ulikuwa upotofu uliowagharimu watu maisha. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwito mwaka 2018 mafuta hayo yaondolewe katika vyakula vyote vya viwandani ifikapo 2023, na nchi kadhaa zikatunga sheria. Kwa hivyo mnunuzi asome maandishi ya nyuma ya pakiti za majarini, biskuti na keki, na akikuta mafuta ya mimea yaliyotiwa haidrojeni kwa sehemu, airudishe pakiti rafuni.

Ila mafuta ya kupikia yaliyo mengi madukani kwetu ni ya mawese, yanayoletwa kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia hadi hapa bandarini Mombasa. Wakaangaji huyapenda kwa sababu yameshiba nusu na hivyo hayaharibiki upesi kwenye karai, na aliyoyaeleza Mama Mpishi kuhusu mafuta yaliyochoka ni sahihi: moto, hewa na maji ya chakula huzivunja asidi za mafuta, na zile zenye nafasi wazi ndizo huvunjika mapema zaidi. Kwa hivyo mafuta ya alizeti yanafaa sana kwa kukaanga vitunguu na mboga, lakini hayafai kukaa kwenye karai wiki nzima. Sheria ya Kenya tangu mwaka 2012 inataka mafuta ya kupikia yatiwe vitamini A, na mafuta yanayorudiwa moto mara nyingi huipoteza hiyo pia.

Sitaki mnazi ushtakiwe, Mzee. Nataka hesabu ifanywe. Kikombe kimoja cha tui zito lililokamuliwa nyumbani kina gramu 50 hivi za mafuta yaliyoshiba. Chungu cha watu watano kikitiwa vikombe viwili, kila sahani hubeba gramu 20, na kiwango cha siku kimekaribia kwisha kwa mlo mmoja. Chungu hichohicho kikitiwa tui jepesi na vijiko vichache tu vya tui zito mwishoni, kila mlaji hupata sehemu ndogo tu ya kiasi hicho.


Mzee wa Likoni anajibu:

Nimekuelewa, na nakushukuru kwa kunijibu kwa adabu. Hoja ya kazi ya mwili sikuwa nimeipa uzito wake. Babu hakuwa na saa ya kukaa.


BintiKibokoni anajibu:

Nawashukuru nyote, Mungu awalipe kheri. Jana usiku niliwasomea Baba na Mama majibu haya, na Ami alikuwepo. Baba alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu aliposikia habari za majahazi na magati, na akauliza ni nani aliyekuwa akiyapanga. Mama aliuliza swali moja tu, kama tui jepesi la mara ya pili linahesabika kuwa tui, na nilipomsomea maneno ya Mama Mpishi alinyanyuka akaenda kuangalia kama kifumbu chake bado kizima. Ami hakusema mengi, lakini chupa ameondoka nayo.

Tumekubaliana kwamba asubuhi Baba ale uji wa shayiri na karanga kidogo, chai iwe ya kijiko kimoja cha sukari badala ya vitatu, mchicha upikwe kwa kitunguu na mafuta ya alizeti, vibua waliwe Jumatatu na Alhamisi, na wali wa tui jepesi ubaki wa Ijumaa. Baada ya swala ya Alasiri atatembea hadi Makadara na kurudi. Nimemtafutia daktari mwingine, na tutaiomba damu ipimwe tena baada ya miezi mitatu.

Limebaki swali dogo. Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu, na hula chungu kimoja nasi. Je, naye apunguziwe mafuta?


Mtaalamu wa Lishe (Tudor) anajibu:

Hapana, mwanangu, huyo asipunguziwe. Karibu nusu ya nishati iliyomo katika maziwa ya mama hutokana na mafuta, na si kwa bahati, kwa sababu katika miaka miwili ya kwanza ubongo hukua kwa kasi ambayo hautairudia tena maishani, na tumbo la mtoto ni dogo mno kushiba kwa uji mwepesi. Mtoto wa umri huo anahitaji mafuta mengi kuliko babu yake kwa kulinganisha na ukubwa wake. Uji wake utiwe karanga zilizosagwa laini kabisa ili asipaliwe, apewe parachichi, yai, maziwa kamili yasiyotolewa mafuta, na kibua aliyechambuliwa miiba kwa mkono wala si kwa uma. Kama bado ananyonya, aendelee. Siku ya Ijumaa Mama ampakulie kwanza, amwongezee kijiko cha tui zito juu ya wali, kisha ndipo chumvi na pilipili zitiwe kwenye mchuzi wa wakubwa.